Nyumba iko karibu na yadi ya kupasua betri: tuanzie damu, nguo au mboga?

Swali: "Assalam aleikum mtaalamu. Tunakaa Miritini, Mombasa, nyumba ya kupanga yenye ua mdogo wa udongo mtupu, kama mita 150 kutoka yadi wanakonunua vyuma chakavu na kupasua betri za magari. Siku nyingine usiku huyeyusha. Nina mtoto wa mwaka na miezi miwili anayetia kila kitu mdomoni, na nina mimba ya miezi minne. Uani nimepanda mchicha, mtoriro na muhogo, na nafuga kuku sita. Shemeji yangu anafanya kazi yadini hapo na analala kwetu. Majirani wanasema udongo umeshaingia sumu na mboga ndizo zitakazotuua. Ning'oe mboga? Nihame? Mtoto apimwe nini?" (Mama wa Miritini)

Jibu:

Waaleikum salaam, dadangu. Majirani wako hawajakosea kuogopa, ila wameanza kuhesabu kutoka mwisho. Ningepewa kazi ya kupanga hatari za nyumba yako kwa uzito, ya kwanza ningeweka nguo, viatu na nywele za shemeji yako. Ya pili, vumbi la uani na la sakafuni linaloingia mdomoni kwa mtoto kupitia vidole vyake. Ya tatu, mayai ya kuku wako. Mboga ningeziweka nyuma ya hayo yote. Kwa hiyo kabla hujashika jembe kung'oa mchicha, kuna kazi ya leo jioni: shemeji akirudi asivuke mlango na nguo za kazi.

Sababu ni hii. Betri ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, ile metali laini na nzito (kwa Kiingereza "lead"), nayo ndiyo sumu tunayoihofia. Ile ya kilo 15 hubeba takriban kilo 9. Na risasi yenyewe haiko yote katika umbo la chuma kigumu. Sahani za ndani zimepakwa rojo zito la kijivu na hudhurungi ambalo likikauka huwa unga laini kama unga wa ngano. Fundi akipasua kasha kwa shoka na kumwaga asidi chini, unga huo hubaki kwenye mikono, kwenye mikunjo ya suruali, kwenye nyayo za viatu. Gramu moja tu ya risasi ikichanganyika sawasawa na kilo 5 za udongo, udongo huo hufika miligramu 200 kwa kilo, na hicho ni kiwango ambacho Marekani mwaka 2024 walikitaja kuwa cha kuanzia kuchunguza udongo wa makazi. Gramu moja haijazi hata ncha ya kijiko cha chai. Shemeji anaweza kuileta nyumbani bila kujua, akaketi nayo kwenye mkeka uleule anaotambalia mtoto.

Sasa hesabu ya mtoto. Mtoto wa umri wa wako humeza takriban miligramu 100 za udongo na vumbi kila siku, hata yule asiye na tabia ya kula udongo. Ni kiasi kidogo, kama chumvi unayoibana kwa ncha za vidole viwili. Udongo ukiwa na risasi miligramu 1,000 kwa kilo, hiyo ni mikrogramu 100 kwa siku. Mtu mzima akimeza risasi, utumbo wake hunyonya karibu sehemu moja kwa kumi. Wa mtoto mdogo hunyonya karibu nusu, na ukimkuta na njaa au na upungufu wa madini ya chuma hunyonya zaidi, kwa sababu mwili unaotafuta chuma na kalisi (kalsiamu) hudanganyika na kuipokea risasi badala yake. Ikishaingia hukaa kwenye damu kama mwezi mmoja, kisha inayobaki hujificha kwenye mifupa kwa miaka 10 hadi 30. Ubongo ndio unaoumia zaidi: uwezo wa kujifunza, utulivu, kusikia. Na mara nyingi hakuna dalili ya kuonekana. Mtoto anacheza, anakula, anacheka. Kuumwa tumbo, kufunga choo, kupauka na kutapika huja kiwango kikishapanda sana, na degedege huja mwisho. Anayesubiri dalili amechelewa.

Kuhusu mtaa wako una mfano wa karibu kuliko wa vitabuni. Owino Uhuru, pale Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha watoto wa chini ya miaka mitano wa hapo na wa Bangladesh, mtaa mwingine wa hukohuko Mombasa. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita, na wa Bangladesh 3.7. Udongo nao: wastani wa miligramu 146.5 kwa kilo upande mmoja, 22.3 upande wa pili. Angalia jambo moja hapo. Wastani wa 146 haumtishi mtu, lakini ndani yake palikuwa na nyumba zenye udongo safi na nyumba zenye udongo mbaya mno. Risasi huanguka kwa mabaka. Jirani akikuambia "kwetu walipima wakakuta salama", hilo ni jibu la ua wake. La kwako litatoka kwenye udongo wako.

Na kwa nini tuseme yadi ndogo za mtaani ni jambo zito? Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, hapakuwa na kiwanda kikubwa. Watu walikuwa wakipasua betri na kuchekecha mchanga kutafuta vipande vya risasi, wengine mpaka ndani ya nyumba zao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Tuje kwenye vipimo. Anza na damu ya mtoto, kisha yako, kisha ya shemeji. Udongo baadaye. Wengi huanza na udongo kwa kuwa ndio wanaoulalamikia, wanalipa pesa ya maabara, wanapata tarakimu, na bado hawajui kama mtoto amedhurika. Damu hujibu swali hilo moja kwa moja. Mwambie daktari unataka kipimo cha risasi katika damu, cha mshipani, na pamoja nacho kipimo cha hemoglobini na akiba ya chuma. Damu ichukuliwe kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda inayokubaliwa na maabara itakayopima. Mara nyingi ni ile ya kifuniko cha zambarau au chupa maalumu ya madini. Hospitali nyingi huchukua damu na kuipeleka maabara kubwa Nairobi, kwa hiyo uliza mapema inapelekwa wapi na majibu huchukua siku ngapi. Ukipewa kipimo cha kutoboa kidole, mtoto anaoshwa mkono kwa sabuni na maji kwanza, kwani kidole chenye vumbi hutoa jibu la uongo la juu. Likitoka juu, rudia kwa mshipa kabla ya kulia. Kipimo cha nywele au cha mkojo usikilipie kwa kazi hii.

Namna ya kusoma jibu. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kabisa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2021 linasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe. Marekani mwaka huohuo walishusha alama yao ya tahadhari hadi 3.5. Chini ya hapo, safisha nyumba na upime tena mwakani, au mapema zaidi kama yadi inaendelea na kazi. Kati ya 3.5 na 19, kazi yote ni ya nyumbani: vumbi, mikono, chakula, na kurudia kipimo ndani ya miezi 1 hadi 3. Kati ya 20 na 44 mtoto awe chini ya daktari wa watoto, apigwe eksirei ya tumbo kama kuna wasiwasi kwamba amemeza vipande, na kipimo kirudiwe ndani ya wiki 2 hadi 4. Kikifika 45, ni hospitali bila kungoja. Hapo ndipo dawa za kuikamata risasi na kuitoa kwa mkojo huanza kujadiliwa. Zaidi ya 70 ni dharura hata kama mtoto anakimbia.

Hapa pana mtego. Dawa hizo mtoto akipewa huku bado anarudi kulala kwenye nyumba yenye vumbi lilelile, anaweza kunyonya risasi zaidi, kwa hiyo kwanza ahamishwe, nyumba isafishwe, ndipo dawa. Pia dawa moja katika kundi hilo ina chumvi mbili zenye majina yanayofanana, ya kalisi na ya sodiamu. Hiyo ya sodiamu hufyonza kalisi mwilini na imeshaua watoto kwa kusimamisha moyo. Kwa hiyo usikubali "dripu ya kusafisha sumu" kwenye kliniki ya uchochoroni, na wale wauza mitishamba ya "kutoa madini mazito" wapite njia yao. Baadhi ya dawa hizo za kienyeji zenyewe zimekutwa na risasi.

Nyumbani sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye faida kubwa kwa pesa ndogo.

Shemeji. Kama yadini kuna maji, aoge hukohuko, nywele zikiwemo, avae nguo nyingine, na za kazi azitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kama hakuna maji, basi bomba au ndoo ya nje iwe mwisho wa kazi yake: viatu vinabaki nje ya ua, nguo zinavuliwa bafuni, anaoga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zisikung'utwe. Zilowekwe, zifuliwe peke yake na mtu asiye mjamzito, yaani si wewe, na maji yake yamwagwe chooni, yasimwagwe uani kwenye mchicha. Beseni la kazi hiyo lisiogeshewe mtoto. Simu yake ipanguswe kwa kitambaa kibichi, maana ndiyo mtoto anayopewa anyamaze. Na asile wala kuvuta sigara kazini kabla ya kunawa kwa sabuni. Vidole vyake kwenye mkate ni njia ileile ya vidole vya mwanao. Akikuambia "sisi tumezoea", mpeleke akapimwe. Tarakimu yake huenda ikawa ya juu kuliko zote nyumbani, na ndiyo itakayomshawishi.

Sakafu. Ufagio wa njukuti ukavu ni adui hapa. Huinua vumbi laini, linaelea saa nzima, kisha linatua kwenye mkeka na chakula. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, au bora upige deki. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara, ubadilishe maji yakiwa machafu, kila siku chumba anachocheza mtoto, na mara mbili kwa wiki vyumba vingine. Anzia juu kushuka: mapanga ya pangaboi, ukingo wa dirisha, sehemu ya juu ya kabati, ndipo sakafu. Pangaboi husahaulika, na hukusanya vumbi la miezi kisha hulirusha siku ya joto. Chandarua na pazia vifuliwe mara moja kwa mwezi. Kama sakafu ni ya udongo au saruji iliyopasuka, tandika zulia la plastiki linalooshwa. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni imeshakufanyia nusu ya kazi. Ongeza tambara bichi la kupangusia miguu, na wageni nao wasisamehewe.

Mikono. Sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kula, baada ya kucheza, kabla ya kulala. Dawa ya mikono ya kupaka haifai kitu hapa. Huua vijidudu lakini risasi hubaki palepale. Kucha fupi. Vitu vya kuchezea na chupa ya maziwa vioshwe kila siku, na kilichoanguka uani kisirudi mdomoni kwa kupulizwa.

Ua. Wakati unangoja majibu, mtoto achezee kwenye turubai au jamvi linalooshwa, siyo udongoni. Kisha upime udongo ili ujue utumie kiasi gani. Chukua vijiko vya udongo kutoka sehemu 8 hadi 10 za mahali anapocheza, kina cha sentimita 2 tu, kwani mtoto hagusi zaidi ya hapo. Uchanganye kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati itakuharibia kipimo cha zinki na kadimiamu. Toa mawe na mizizi, anika kivulini, funga nusu kilo kwenye mfuko safi, andika tarehe na mahali. Fanya hivyo mara ya pili kwa bustani, ila huko chimba sentimita 15 hadi 20, na mara ya tatu kwa mstari chini ya ukingo wa mabati mvua inakodondokea, kwa kuwa vumbi lote la paa huteremkia hapo. Mifuko mitatu, majibu matatu. Usiichanganye pamoja kuokoa pesa, utapata wastani usiokueleza kitu. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina tawi Mombasa, na zipo maabara za binafsi. Sema wazi: nataka jumla ya risasi kwa miligramu kwa kilo, udongo uyeyushwe kwa asidi kali. Usiposema hivyo, unaweza kupewa kipimo cha rutuba cha wakulima, ambacho huonyesha sehemu ndogo tu ya risasi iliyopo. Pesa ikiruhusu ongeza kadimiamu na arseniki. Arseniki huja pamoja na risasi ya betri kwa sababu huchanganywa ndani yake kuikaza. Kadimiamu hutoka kwenye betri ndogo za kuchaji na vyuma vilivyopakwa, nayo huharibu figo polepole. Zebaki na kromiamu ni habari ya viwanda vingine, usizilipie sasa.

Hukumu yangu juu ya majibu ya udongo, kwa miligramu za risasi kwa kilo, ni hii. Chini ya 100, endelea na maisha na usafi wa kawaida. Kati ya 100 na 400, funika mahali pa kuchezea na panda kwenye udongo ulioletwa. Kati ya 400 na 1,000, pasibaki hata hatua moja ya udongo mtupu uani. Zaidi ya 1,000, mtoto asikanyage hapo mpaka pamefunikwa vizuri, na mwenye nyumba aambiwe kwa maandishi.

Kufunika kunashinda kuchimba. Risasi haiozi, haiyeyuki kirahisi kwenye maji ya mvua, na hukaa sentimita chache za juu kwa miongo. Ukiichimba ikiwa kavu unalifanya vumbi lote la miaka kumi liruke siku moja, na ukiitupa kando ya barabara umeihamishia kwa mtoto wa mwenzio. Lowesha udongo, tandaza juu kitambaa kizito kinachopitisha maji (magunia ya plastiki yaliyofumwa, yaliyoshonwa pamoja, hutosha), kisha weka sentimita 15 za udongo safi na uoteshe ukoka, au sentimita 10 za kokoto. Kitambaa ni alama kwa atakayechimba kesho: akikiona, ameshafika kwenye ule mbaya. Ua wa mita 6 kwa 5 unahitaji mita za ujazo 4.5 za udongo, yaani karibu lori la tani 7. Uliza unatoka wapi. Udongo wa "kujazia" unaoletwa kwa bei ya bure huenda umechimbwa kwenye kiwanja cha kiwanda kingine. Saruji ni bora zaidi kama mwenye nyumba atakubali. Angalia na upepo: yadi ikiwa kusini-mashariki mwa nyumba yako, kusi litakuletea vumbi kuanzia Aprili, ikiwa kaskazini-mashariki, jihadhari na kaskazi, kuanzia Novemba. Madirisha ya upande huo yafungwe usiku wanapoyeyusha, na jamvi la mtoto liwe upande wa pili wa nyumba.

Sasa mboga ulizouliza. Risasi hupenda kushikamana na udongo, hivyo mimea huivuta kidogo. Nyingi iliyoko kwenye mchicha na mtoriro ni vumbi lililotua juu na matope yaliyorushwa na mvua. Kwa hiyo mboga za majani zilizo karibu na ardhi ndizo mbaya; nyanya, bamia na biringanya zinazoning'inia juu ni salama zaidi. Muhogo hushikwa na risasi ganda la nje, na ganda hutupwa, basi umenye kwa kina, uoshe, kisha upike. Mchicha uoshe kwa maji mawili, na ya kwanza utie siki kidogo. Kadimiamu ni habari nyingine: yenyewe huingia ndani ya jani na haioshwi, hasa udongo ukiwa na asidi. Udongo wa huko Miritini na Changamwe si wa matumbawe kama wa kisiwani, ambao una chokaa yake ya asili, na palipomwagwa maji ya betri asidi huwa kali zaidi. Kama unataka kuendelea kulima, jenga tuta lililoinuliwa sentimita 30 juu ya kitambaa kilekile, ujaze udongo safi na mboji. Usilizungushie mataruma ya reli ya zamani. Yamelowa dawa ambayo nayo ni sumu. Mchicha ulioko sasa, mpaka majibu yatoke, acha kuula. Mtoriro wa sokoni si ghali kushinda wasiwasi.

Watu husikia pia kwamba mbolea ya fosfeti au unga wa mifupa ya samaki huifunga risasi. Ni kweli, fosfeti huigeuza kuwa madini magumu yasiyonyonywa kirahisi, na mifupa ya samaki ilishatumika kwa kazi hiyo katika mtaa mmoja wa Oakland, California. Lakini ni kazi ya kupimiwa na wataalamu. Risasi haiondoki, na mahali penye arseniki fosfeti huweza kuifungua ikatembea. Kwako wewe, kufunika kwanza.

Kuku niliwapa nafasi ya tatu kwa sababu kuku anayeparua ardhi humeza udongo kutwa, na risasi hupita hadi kwenye kiini cha yai. Hao sita wafungie kwenye banda lenye sakafu ya mbao au saruji, wale chakula cha kununua, na mayai asipewe mtoto kwa sasa. Maini na supu ya mifupa yao pia viacheni.

Maji: kama mnakinga mvua ya mabati, acha yamwagike nje maji ya kwanza baada ya kiangazi. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita moja ya mvua hutoa lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20. Hayo ya mwanzo yamwagwe, ndipo bomba lielekezwe kwenye tangi. Kisima kifupi karibu na mahali asidi inapomwagwa kipimwe; mpaka wa risasi katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, hukoleza tu.

Wewe mwenyewe na mimba yako. Risasi hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na wakati wa ujauzito mifupa ya mama huachia kalisi pamoja na risasi iliyofichwa humo miaka mingi. Ukipimwa ukakutwa na 5 au zaidi, muulize mkunga juu ya vidonge vya kalisi pamoja na vile vya chuma unavyopewa kliniki. Vya chuma usiviache kwa sababu ya kichefuchefu. Kula dagaa na mifupa yao, maziwa au mtindi, kunde, na chungwa au embe pamoja na mlo ili chuma kinyonywe. Kama una hamu ya mimba ya kula udongo au yale mawe yanayouzwa sokoni, sema kliniki bila aibu, maana hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na mawe hayo yenyewe yamekutwa na risasi. Kunyonyesha kusikusumbue: hukatazwa tu risasi ya mama ikifika 40.

Kuhama. Kabla ya damu kupimwa, nisingekushauri uingie gharama hiyo. Damu ya mtoto ikiwa 45 au zaidi, atoke siku hiyohiyo, hata kama ni kwa bibi yake, mpaka nyumba isafishwe. Ikiwa udongo umezidi 1,000 na mwenye nyumba hataki kufunika, au yadi inayeyusha kila wiki na hakuna anayeizuia, basi hama kabla mtoto wa pili hajaanza kutambaa. Lakini anayepaswa kuhama kwanza ni yadi. Kuyeyusha betri makazini bila leseni ni kosa. Peleka malalamiko ya maandishi kwa ofisi ya Mombasa ya NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, na kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, uambatanishe majibu ya maabara na tarehe za moshi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umeshadhurika. Wenzako wa Owino Uhuru, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Ni njia ndefu. Shemeji anaweza kuogopa kibarua chake, basi malalamiko yaandikwe na majirani kadhaa kwa pamoja, jina lako lisisimame peke yake.

Baada ya miezi mitatu ya deki na kunawa, rudia damu ya mtoto. Itashuka polepole, kwani mifupa huirudishia damu kidogokidogo, lakini ni lazima ielekee chini. Isiposhuka, kuna chanzo hujakiona, na uani huenda si penyewe. Kagua wanja wa manga unaompaka mtoto machoni na kwenye nyusi: aina nyingi ni mawe ya risasi yaliyosagwa. Kagua sufuria za kusubu zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu, hasa ukipikia ukwaju au nyanya. Kagua manjano yanayong'aa kupita kiasi. Rangi ya zamani inayobanduka mlangoni. Na uliza kama kuna mvuvi nyumbani au kwa jirani anayeyeyusha risasi ya betri jikoni kumimina chubwi za nyavu. Sufuria aliyoitumia haiwi tena ya kupikia, hata ikisuguliwa kwa mchanga mara saba.